Nani Aliyekuchagulia?

Fundi cherehani akikosea kushona shati moja, amekosea shati moja. Mteja atalalamika, shati litafumuliwa, jioni mambo yamekwisha. Lakini akikosea kiolezo, ile karatasi anayoilaza juu ya kitambaa kabla ya kukata, amekosea sare za shule nzima. Na mtoto atakayebanwa makwapa Januari hamjui fundi, hajawahi kuiona karatasi, wala hana habari kwamba kulikuwa na karatasi.

Sisi wa programu za kompyuta nasi tuna violezo. Unaandika amri moja, na ndani ya sekunde chache unapata folda yenye kila kitu: faili la mipangilio, namna ya kuunganisha hifadhidata, namna ya kuzungumza na huduma nyingine, hata maelekezo ya kuipeleka kazi yako kwenye seva. Kampuni ambayo mfumo wake umegawanywa katika huduma ndogondogo, hii ya malipo, hii ya wateja, ile ya kutuma ujumbe, kwa kawaida haianzi huduma mpya kwenye ukurasa mtupu. Inaoleza. Na ndani ya kiolezo mna mambo ambayo mtu amekwisha kukuamulia: usubiri jibu kwa muda gani, ujaribu tena mara ngapi, nani aruhusiwe kuingia, nywila iwe ipi. Hayo ndiyo tunayoyaita machaguo-msingi: kile kinachotokea usipochagua chochote.

Jina lenyewe linapotosha. Tunasema "chaguo" ilhali anayeishi nalo hakuchagua. Aliyechagua ni mwingine, siku nyingine, kwa sababu ambazo mara nyingi hazikuandikwa popote. Hoja yangu ni hii: chaguo-msingi ni uamuzi kamili, lina mwenyewe, na mwenyewe huyo awajibike kwa yatokanayo. Nimechoka na lile jibu ambalo kila mwanafunzi wa fani hii amewahi kutupiwa usoni: "Ungesoma nyaraka."

Tulichukulie jibu hilo kwa uzito, maana wanaolitoa si wajinga. Wanasema mtu mzima anayeweka hifadhidata kwenye mtandao ana wajibu wa kujua anachokiweka. Maelezo yapo, ni ya bure, yameandikwa vizuri. Asiyesoma akiumia, ameumia kwa uvivu wake.

Basi tutazame kilichotokea Januari 2017. Matoleo ya zamani ya hifadhidata ya MongoDB, kutegemea namna ulivyoyasakinisha, yalikuwa yakipokea maombi kutoka kokote kwenye mtandao bila kudai nywila. Ukiyawasha jinsi yalivyokuja, umefungua mlango na kuulaza chini. Mwezi ule wavamizi walipita wakikusanya. Waliingia, wakafuta data, wakaacha ujumbe wa kudai malipo kwa Bitcoin. Hifadhidata zilizopitiwa zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Nyaraka zilikuwapo muda wote huo, zikieleza vizuri namna ya kufunga mlango.

Mwishoni mwa 2017 likatoka toleo 3.6, ambalo bila kuguswa husikiliza kompyuta lilimosakinishwa tu, si dunia nzima. Anayetaka kulifungua kwa wengine lazima aandike hivyo kwa mkono wake. Kilichobadilika ni kile kinachotokea mtu asipofanya lolote. Watu walibaki walewale, na nyaraka ziliendelea kuwapo kama zamani. Kama kusoma nyaraka ndiko kungekuwa dawa, mabadiliko hayo yasingehitajika.

Watetezi wa nyaraka wana udhaifu mwingine mkubwa zaidi: wanadhani anayeumia ndiye asiyesoma. Programu ya Memcached, inayotumika kuhifadhi data kwa muda ili tovuti ziende haraka, ilikuwa ikija na mlango wa UDP ukiwa wazi. Mtu angeweza kutuma ombi dogo, akajifanya ni mwingine, na seva ikamrushia huyo mwingine jibu kubwa mara nyingi kuliko ombi. Tarehe 28 Februari 2018 tovuti ya GitHub ilishambuliwa kwa njia hiyo, kwa wimbi lililofika terabiti 1.35 kwa sekunde. Seva zilizotumika zilikuwa za watu wengine, waliosakinisha Memcached na kuiacha kama ilivyokuja. Sasa niambie, GitHub ingesoma nyaraka zipi ili isishambuliwe kwa seva za jirani? Baada ya hapo toleo jipya, 1.5.6, lilikuja mlango huo ukiwa umefungwa. Mstari mmoja ukabadilishwa baada ya madhara.

Ndiyo maana nasema chaguo-msingi ni sheria kuliko lilivyo ushauri. Ushauri unaweza kuupuuza ukabaki na hasara yako. Sheria inamgusa hata ambaye hakushiriki kuitunga.

Na kama sheria zote, hii pia ina harufu ya nyumba ilikotungwa. Django, mfumo ambao wanafunzi wengi tumeanza nao kutengeneza tovuti, ulizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, huko Kansas, Marekani, ukatolewa kwa umma 2005. Ndani yake, usipotaja saa za mahali ulipo, ulihesabu kwamba upo "America/Chicago". Saa za Kansas mashariki ndizo hizo. Baadaye kiolezo cha mradi mpya kikaanza kuandika UTC, nafuu kubwa, lakini chini kabisa ya mfumo Chicago ilibaki kwa miaka mingi. MySQL nayo, iliyoanzishwa na kampuni ya Uswidi, hadi toleo 8.0 la 2018 ilipanga maneno kwa utaratibu wa alfabeti ya Kiswidi usipoiambia vinginevyo. Nusu ya dunia imepanga majina ya wateja wake kwa Kiswidi bila kujua.

Sioni ubaya wa moyo hapo. Naona watu waliotazama dirishani mwao wakaandika walichokiona. Lakini matokeo yana mahali pa kuangukia. Usiku wa manane wa Chicago ni saa mbili au saa tatu asubuhi ya Dar es Salaam, kutegemea majira, kwa kuwa wenzetu husogeza saa mara mbili kwa mwaka. Usiku wa manane wa UTC ni saa tisa usiku kwetu. Ripoti ya mauzo ya siku inayofungwa saa tisa usiku itamhesabia mwenye baa mauzo ya baada ya saa sita kuwa ya jana, na kwa mwenye baa hayo si mauzo ya kupuuza.

Chukua wingu la Amazon. Kanda zake za seva zilizofunguliwa kabla ya tarehe 20 Machi 2019 huwa wazi kwa kila akaunti mpya. Zilizofunguliwa baada ya hapo huwa zimefungwa mpaka uziwashe mwenyewe. Kanda ya Cape Town ilifunguliwa Aprili 2020. Kwa hiyo kijana wa Mwanza anayefungua akaunti leo anaikuta Virginia ikimsubiri mlango wazi, na Afrika ikiwa imefungwa. Hakuna aliyekusudia hivyo dhidi yetu. Hong Kong, Milano na Bahrain zimo katika kundi hilohilo. Kanuni imetenganisha waliotangulia na waliochelewa, na sisi tulikuwa miongoni mwa waliochelewa. Lakini bei ipo na inapimika. Kutoka pwani yetu hadi Virginia ni zaidi ya kilomita 12,000. Mwanga ndani ya nyaya huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi, hata kama kebo ingenyooka kama rula na hakuna foleni njiani, hakupungui milisekunde 120. Ukurasa unaopiga hodi mara tano kwa zamu umepoteza zaidi ya nusu sekunde kabla seva haijafikiri chochote. Kiolezo kilichoandika Virginia kwenye mstari wa kanda kimemtoza mtumiaji wa Tandika kodi hiyo kila anapobofya, na hakuna risiti.

Hata hivyo, saa na umbali ni mambo yanayoonekana. Hatari kubwa ya violezo katika mifumo iliyotawanyika ni ile isiyoonekana mpaka siku ya msongamano, nayo ni kusubiri.

Mteja wa kawaida wa HTTP katika lugha ya Go, usipomwekea ukomo, husubiri jibu bila mwisho. Maktaba ya requests ya Python ni vilevile. Tena nyaraka zake zenyewe zinaeleza kwamba karibu kila programu inayotumika kazini inapaswa kuweka ukomo wa kusubiri. Soma tena sentensi hiyo. Kama karibu kila mtu anapaswa kuliweka jambo fulani, kwa nini asiyeliweka apewe kinyume chake? Hapo "ungesoma nyaraka" inageuka kejeli: ukizisoma, zinakuambia chaguo-msingi ni baya.

Kwenye programu moja inayokaa peke yake, kusubiri bila mwisho ni kero tu. Kwenye huduma zinazotegemeana ni ugonjwa wa kuambukiza. Huduma ya ujumbe imekwama. Huduma ya malipo inaisubiri, huku imeshikilia nafasi zake zote za kuhudumia. Huduma ya maagizo inaisubiri ya malipo. Dakika chache baadaye mteja hawezi hata kufungua ukurasa wa kuangalia bidhaa, kwa sababu kifaa cha kutuma SMS kimekwama mahali asipopajua.

Dawa inayokimbiliwa ni kujaribu tena, na violezo vingi huiweka tayari: ukishindwa, rudia mara tatu. Inasikika kama busara. Fanya hesabu. Huduma ya kwanza inaiita ya pili mara tatu. Kila mara, ya pili inaiita ya tatu mara tatu. Kila mara, ya tatu inaiita hifadhidata mara tatu. Ombi moja la mteja limekuwa maombi 27 juu ya hifadhidata ambayo tayari ilikuwa imeelemewa. Kila huduma ikitazamwa peke yake ina adabu. Kwa pamoja ni umati unaomkanyaga mgonjwa. Aliyeandika "tatu" kwenye kiolezo alikuwa akifikiria huduma moja.

Niliyaona haya wakati wa mafunzo kwa vitendo, katika kampuni ambayo sitaitaja. Kiolezo chao cha huduma mpya kilirudia kila ombi lililochelewa, bila kutofautisha ombi la kusoma salio na ombi la kukata pesa. Kijana aliyekuwa amemaliza chuo mwaka huohuo alipewa kazi ya kutengeneza huduma ya ada, akaoleza kama alivyoelekezwa. Siku moja upande wa malipo ukawa mzito: pesa zilikatwa vizuri, lakini jibu lilichelewa kurudi. Huduma ikadhani imeshindwa, ikarudia. Kuna wazazi walikatwa ada mara mbili. Walirudishiwa, ila si siku hiyohiyo, na anayejua bajeti ya Januari anajua siku chache hizo ni nini.

Tiba ya tatizo hilo inafahamika na ni ya zamani: kila ombi la pesa libebe namba yake ya utambulisho, ili likija mara ya pili upande wa pili utambue kwamba ni lilelile. Kiolezo hakikuwa na hiyo namba. Lakini taarifa ya ndani iliandika "kosa la kibinadamu", na binadamu aliyekusudiwa ni yule kijana. Hakuna aliyeuliza kuhusu binadamu mwingine, aliyeandika mstari wa kurudia mara tatu na kuuweka mahali ambapo kila mgeni angeupokea kama desturi ya nyumba. Mgeni hufuata desturi za mwenyeji. Tunawafundisha hivyo, kisha tunawaadhibu kwa kutii.

Najua pingamizi. Kwanza, watasema kiolezo kikali kinamkwaza anayejifunza: kila mahali nywila, kila mahali kufuli, mwishowe atazima vyote kwa hasira na usalama utakuwa umepotea. Ni kweli, na ndiyo maana kuandika kiolezo ni kazi ya watu makini, si ya kumwachia aliye na nafasi Ijumaa jioni. Mifano mizuri ipo. Mradi mpya wa Django huzaliwa katika hali ya majaribio ili mwanafunzi aone makosa yake, lakini mstari huo una onyo juu yake. Tangu toleo 3.2 la 2021, ufunguo wa siri unaotengenezwa na kiolezo huanza na maneno "django-insecure-", na ipo amri ya kukagua kabla ya kupeleka kazini ambayo itakukemea ukiusahau. Mwanafunzi hajakwazwa, na kilicho dhaifu kinajitangaza kwamba ni dhaifu.

Mfano mwingine ni kontena rasmi la PostgreSQL. Zamani liliwaka hata bila nywila. Tangu 2020 linakataa: halianzi mpaka useme nywila ni ipi, au useme kwa maandishi kwamba umekusudia kutokuwa nayo. Wapo waliolalamika, kazi zao zilikwama asubuhi moja. Mimi niko upande wa waliokataa. Kuna maswali ambayo jibu la haki ni kimya mpaka mhusika aseme, na nywila ni mojawapo. Kukata pesa mara ya pili ni jingine.

Pingamizi la pili hutoka kwa wakubwa wetu: violezo vinawafanya vijana wasielewe kilicho chini. Kwa heshima zote, hoja hii ingekuwa na nguvu kama hao wakubwa wangekuwa wanaandika kila huduma tangu mstari wa kwanza. Hawafanyi hivyo, na wako sawa. Hakuna anayeoka matofali yake mwenyewe kila anapojenga. Swali ni matofali yameokwa na nani, na je, yalipimwa.

Kwa hiyo ninadai nini? Nadai kwanza kwamba kiolezo kiandikwe kwa ajili ya mtu ambaye hatabadilisha chochote. Anayeelewa na mwenye muda atajitetea mwenyewe. Mwandishi wa kiolezo anamtumikia yule aliyechoka, aliye mgeni, anayefukuzwa na tarehe ya mwisho. Kisha nadai kila namba iandikwe sababu yake pembeni: sekunde tano kwa nini, mara tatu kwa nini, na timu gani iliamua. Namba isiyo na sababu haiwezi kujadiliwa. Inaweza kurithiwa tu.

Na nadai kiolezo kisiwatelekeze watoto wake. Hapa wengi wanateleza. Mradi ukishaolezwa, nakala imekwenda zake. Ukigundua leo kwamba ukomo wa kusubiri ulikosewa, utarekebisha kiolezo, na huduma arobaini zilizokwisha kuzaliwa zitabaki na ugonjwa uleule. Samaki mkunje angali mbichi, lakini hawa wameshakauka. Kwa hiyo yale yanayoweza kubadilika kwa maarifa mapya, ukomo wa kusubiri, namna ya kurudia, namna ya kuthibitisha mtumiaji, yakae kwenye maktaba ya pamoja ambayo kila huduma inaichukua na kuisasisha. Kiolezo kinakili machache tu, yale ambayo timu inapaswa kuyamiliki yenyewe. Hii inagharimu: lazima kuwe na watu ambao kazi yao ni kuitunza hiyo maktaba, wanaolipwa, wanaoulizwa. Kampuni isiyotaka gharama hiyo inapendelea kulipa kwa jina la kijana mmoja kwenye taarifa ya ajali.

Mwisho, nadai jambo kwa vyuo vyetu. Tunafundishwa kutengeneza huduma kwa kuoleza, tunapewa alama kwa huduma kuwaka, tunahitimu. Nipendekeze zoezi tofauti. Mwanafunzi asitengeneze huduma, atengeneze kiolezo. Kipewe wenzake kumi wasioambiwa lolote, wasiosoma maelezo, wenye haraka. Waoleze huduma zao, ziunganishwe, kisha mwalimu azime moja na kupunguza kasi ya nyingine. Alama zitolewe kwa kile kilichobaki kimesimama. Mwanafunzi aliyepita mtihani huo ataingia kazini akijua kwamba kila mstari anaouacha wazi kuna mtu atakayeingia nao kazini Jumatatu, na hatakuwapo kumweleza.